Mtandao wa Mtungi Huondoka Asubuhi

“Mke wangu hataomba mtandao kwa mtu tena! Mtandao utahamia kwetu, utalala kwetu, na asubuhi utamwamkia shikamoo!”

Hayo aliyasema Mtungi akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya wapangaji wote wa nyumba yetu, kwenye kikao kilichoitishwa kujadili bomba la maji. Bomba lenyewe halikujadiliwa tena siku ile. Baada ya tamko kama hilo, nani angerudi kwenye habari za koki?

Mtungi anauza gesi ya kupikia. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho na linapumzika huko huko. Ana pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha chuma nyuma, na kila asubuhi huipakia mitungi akaizungusha mitaani huku akipiga kelele ambazo ukizisikia mara moja utazikumbuka mpaka uzeeni. Ni mtu mfupi, mpana, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Akikuambia siri, jirani wa chumba cha tatu anaitikia.

Mkewe tunamwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wao wawili wanaofanana kiasi kwamba baba yao huwaita “nyinyi” hata anapomtaka mmoja. Mama Pacha alikuwa keshia wa duka kubwa. Kazi ya keshia, kwa asiyeijua, ni kusimama. Unasimama mpaka miguu inasahau kukunjwa. Yake ilianza kuvimba, kwanza jioni tu, kisha kutwa nzima, mpaka akawa anavaa ndala za mumewe kwa sababu viatu vyake vilikuwa havimtaki tena. Daktari akamwambia atafute kazi ya kukaa. Ushauri mzuri sana, ila hakutaja kazi hiyo inapatikana wapi.

Aliipata mwenyewe. Kampuni moja inayopanga miadi ya wagonjwa kwa niaba ya hospitali ilikuwa inatafuta watu wa kupokea simu wakiwa majumbani mwao, simu zinazoingia kwa mtandao kwenye kompyuta. Mgonjwa anapiga, wewe unamwambia daktari yupo siku gani, unaandika, unamtakia afya njema. Walimpa laptopu, hedifoni na mwezi mmoja wa majaribio. Akifaulu, ameajiriwa. Akishindwa, anarudisha laptopu na anarudi kusimama. Walichotaka kwake ni kimoja tu: mtandao usiokatika.

Na mtandao hakuwa nao. Wakati wa mafunzo alikuwa akikaa kwenye kigoda nje ya saluni ya Kinyozi, aliyepanga chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa sababu waifai yake ilikuwa inapenya ukuta. Kinyozi alimpa paswedi kwa roho safi. Roho ya Kinyozi ni safi kweli, tatizo ina mdomo. Siku ya kikao akasimama akasema, “Kabla ya bomba, naomba tuzungumzie ukuta wangu. Kuna mtu kafungua ofisi pale na mimi sijaona hata soda.”

Watu wakaangua kicheko. Ulikuwa utani, na Mama Pacha naye alicheka, lakini wakati anacheka aliivuta miguu yake taratibu akaificha chini ya benchi. Mumewe akaiona ile miguu ikijificha. Ndipo ndoo ikapinduliwa.

Kwa hiyo sitaki mtu amcheke Mtungi kwa majigambo yale. Mcheke kwa yaliyofuata.

Kesho yake alikwenda duka la simu na akiba yote ya nyumba mfukoni. Mama Pacha alikuwa ameshapanga kila kitu: bando liingie kwenye laini yake yeye, simu yake iwashe hotspoti, laptopu inywe mtandao hapo, basi. Na kwa kuwa anamjua mumewe, alimwandikia namba kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono wa kushoto.

“Yaani mume wa mtu namba yangu huijui,” alimwambia huku anaandika.

“Nitaijuaje? Nikikutaka naita.”

Kweli. Na akiita anasikika.

Dukani alimkuta binti mpole mwenye kucha ndefu. “Baba, tuna hizi rauta ndogo,” binti akamwambia. “Unaiweka mezani, ukisafiri unatia mfukoni. Ina laini yake humo humo ndani.”

“Mwanangu, simu inagawa mtandao. Rauta ni simu iliyonyimwa uso. Nipe bando.”

Akaonyeshwa la siku, akakunja pua. La wiki, akaguna. La mwezi, akauliza kama hakuna kubwa zaidi. Binti akasema lipo la mwaka mzima, halina kikomo, ni ofa, na ofa inafungwa leo. Sasa wewe mwambie mfanyabiashara kwamba ofa inafungwa leo halafu utazame macho yake.

“Hilo hilo,” akasema Mtungi.

“Niliweke kwenye namba gani, baba?”

Hapa inabidi tumwelewe binadamu. Kwa miaka na miaka, dirishani, getini, barabarani, watu wamemwuliza Mtungi swali hilo moja: namba yako ngapi? Namba yake imeandikwa ubavuni mwa pikipiki kwa tarakimu zenye urefu wa mtoto anayejifunza kutembea. Imebandikwa kwenye mitungi iliyomo majikoni mwa watu. Haisemi, anaiimba, ina mpaka kibwagizo. Mwamshe usingizini umwulize namba, ataiimba yote kisha ataendelea kukoroma. Kwa hiyo binti alipouliza, mdomo ulijibu kabla mwenyewe hajafika. Akaianza, na alipofika katikati binti akaimalizia, kwa sababu hata kwao walikuwa wanapikia gesi yake. Wakacheka wote wawili. Kitufe kikabonyezwa. Kiganja cha kushoto, muda wote huo, kilikuwa mfukoni kimeshika funguo.

Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

“Mbona kwangu halijaingia?” Mama Pacha akauliza, simu mkononi.

“Limeingia kwangu. La mwaka.”

“Kwako kwa namba ipi?”

“Namba yangu ya gesi. Kwani hii si nyumba moja?” Alisema kwa uso wa mtu aliyepanga hivyo tangu utotoni.

Mama Pacha akamshika mkono, akaukunjua ule mkono, akakitazama kiganja. Namba ilikuwepo, safi, kila tarakimu mahali pake.

“Na hii uliibeba ya nini? Pambo?”

Jioni ile, hata hivyo, ilikuwa ya raha. Ndani ya chumba chao mtandao unashika sehemu moja tu, dirishani, kwa hiyo simu ya Mtungi ilitiwa kwenye soksi na soksi ikatundikwa kwenye msumari. Pacha wakatazama katuni mpaka wakachoka wenyewe. Majirani tulipita pale mlangoni kila mtu na sababu yake ya uongo: huyu anatafuta chumvi, yule anauliza habari za mjomba ambaye hakuwahi kumjali. Mtungi alimgawia mtandao kila aliyefika. Alikuwa kama mtu aliyechimba kisima.

Asubuhi Mama Pacha alivaa blauzi yake ya kazini, ingawa hakuna wa kumwona, akakaa mezani, akainyoosha miguu juu ya mto, akavaa hedifoni. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja wa presha. Nje, Mtungi alikuwa anamaliza kupakia. Akaingia chumbani kwa kunyata, akatungua soksi, akatoka kwa kunyata, akawasha pikipiki, akaenda zake. Na mtandao nao ukapanda pale pale, ukajibana kati ya mitungi, ukaenda zake.

Kwenye hedifoni mama wa presha alikuwa amefika “naomba siku ya Alha—” akanyamaza.

Mama Pacha akakurupuka mpaka nje. “Baba Pacha! Mtandao! Baba Pacha!”

Baba Pacha alikuwa ameshafika konani na anaita gesi kwa sauti ambayo isingeruhusu sauti nyingine kuingia.

Aliporudi mchana, mkewe alimweleza yote. Mtungi akajikuna shingo. “Leo mtandao ulikuwa mbovu nchi nzima,” akasema.

“Wangu ulikuwa safi,” akajibu Kinyozi kutoka nje, ambako hakuna aliyemwalika.

Jioni hiyo hiyo Mtungi alirudi dukani kuomba bando lihamishwe. Binti wa kucha akasikitika kwa dhati. Bando la ofa halihamishwi laini, akasema. Limeshafunga ndoa na ile namba. Kununua lingine haikuwezekana, akiba ilikuwa imekwisha kabisa, na la siku moja moja lingemeza mshahara wa majaribio kabla haujatoka. Sasa wakawa na nyumba yenye mtandao wa mwaka mzima, ambao kila asubuhi unakwenda kuuza gesi.

Wakajaribu kuiacha simu nyumbani. Hilo nalo lilikuwa na vituko vyake. Simu ya Mtungi ni ya zamani. Ikipigiwa, data inasimama kupisha, kama magari yanavyopisha gari la wagonjwa. Na ile ni namba ya gesi: haipiti robo saa bila mtu kuishiwa katikati ya kupika. Kila jiko lililozimika mtaani lilimzimia Mama Pacha mgonjwa mmoja. Akawa anajibu huku na huku, na ndimi zikaanza kugongana. Mama mmoja aliyezimikiwa na gesi maharage yakiwa jikoni aliulizwa anataka daktari wa kike au wa kiume. Mzee mmoja wa mgongo akaulizwa mdogo au mkubwa.

“Mkubwa nini, binti?”

“Samahani, baba. Mgongo wako unauma pa juu au pa chini?”

Msimamizi wa ile kampuni, mwanamke ambaye hawakuwahi kuonana zaidi ya sauti, alimpigia jioni. Hakuwa mkali. Alikuwa na ule upole wa watu waliokwisha kuamua. Simu zako zinakatika sana, akasema. Majaribio yanakaribia mwisho. Nakushauri ulishughulikie.

Mama Pacha akalishughulikia. Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani na laptopu kwapani na mto mkononi. Akauweka mto kwenye kitanda cha pikipiki, kati ya mitungi mikubwa na midogo, akapanda, akaketi, akanyoosha miguu juu ya mtungi uliolazwa.

“Unakwenda wapi?” Mtungi akauliza.

“Kazini. Endesha.”

Kama mtandao haukai na mimi, alisema, basi mimi nitakaa nao. Akatoa na masharti. Kelele hakuna. Honi hakuna. Simu ikiita, Mtungi aikate kabla mlio haujakomaa. Akipata nafasi kati ya mgonjwa na mgonjwa atanyoosha kidole gumba, na hapo Mtungi ana ruhusa ya kuwapigia wateja wake, haraka, na kwa sauti ya mtu mzima.

Mtaa mzima tulitoka kutazama. Mtungi, ambaye sauti yake ilikuwa inaamsha watoto wa mtaa wa nne, anapita kimya kama amebeba msiba, anauza gesi kwa kupunga mkono. Mtu akitoka getini akaita, Mtungi anaweka kidole mdomoni na kuonyesha nyuma. Nyuma, kati ya mitungi, amekaa mwanamke mwenye blauzi nyeupe, anasema kwa upole, “Daktari wa macho yupo Jumatano, mama, uje hujapaka kitu machoni.”

“Binti,” mgonjwa mmoja akamwuliza, “hapo kuna nini kinagongana?”

“Vyombo tu, baba. Vyombo vya kazi.”

“Basi hospitali yenu ina vyombo vizito.”

Mpango ulikuwa unakwenda, usiombe. Mama Pacha aliniambia baadaye kwamba zile ndizo siku alizomjua mumewe vizuri kuliko miaka yote ya ndoa. Hakujua kwamba anampelekea bibi mmoja kipofu mtungi mpaka jikoni, anaufunga mwenyewe, anawasha, anachemsha maji ya chai ili kuhakikisha. Hakujua wangapi wanachukua gesi leo na kusema “nitakuona.” Alikuwa amekaa juu ya mto wake anayaona yote hayo huku anapanga miadi ya watu wa meno.

Lakini mtandao wa kutembea una mashimo kama barabara. Kuna bonde, karibu na kiwanda cha matofali, ambako simu yoyote huzubaa. Wakashuka pale, mgonjwa akapotea. Wakapanda, akarudi amekasirika. Wakashuka tena kwa sababu wapikaji wa kiwandani walitaka mitungi, mwingine akapotea. Kabla ya jioni Msimamizi akapiga.

“Kesho nitasikiliza zamu yako yote,” akasema. “Mwanzo mpaka mwisho. Ikikatika, tutaachana kwa heri, na laptopu utairudisha.”

Mtungi akatangaza kwamba kesho hatoki. Simu itakaa kwenye soksi, soksi kwenye msumari, na yeye atakaa chini ya dirisha kama mlinzi. Bado lakini kulikuwa na wateja. Simu haikuhitaji kupokewa ili iharibu; kuita tu kulitosha. Na kuizima ni kuuzima mtandao wenyewe. Kwa hiyo mchana ule uliobaki alifanya jambo ambalo hakuna muuza bidhaa aliyewahi kulifanya katika historia ya kuuza. Alizunguka mitaa yake yote, sauti ikiwa imerudi kwa nguvu zake zote, akipaza: “Kesho msinipigie! Jamani, kesho msinipigie! Hata moto ukizimika, msinipigie!”

Alirudi amechoka na ameridhika. “Wote wamesikia,” akamwambia mkewe.

Wamesikia kweli. Hilo ndilo lililoleta balaa.

Asubuhi Mama Pacha alikuwa mezani, Msimamizi akiwa kimya kwenye laini, mgonjwa wa kwanza akashughulikiwa vizuri, wa pili vizuri. Wa tatu akiwa anataja tarehe yake ya kuzaliwa, soksi ikaanza kutetemeka. Alikuwa yule bibi kipofu.

“Mwanangu,” Mtungi alimsikia baada ya kutoka nayo mbio uani, “nimeambiwa hutaki kupigiwa simu. Umefiwa?”

“Sijafiwa, bibi! Kata!”

“Unaumwa?”

“Bibi, kata simu, nakuomba!”

Akakata. Ikaita tena, mpishi wa shule: Mtungi, tumesikia, kuna nini, una matatizo na polisi? Akamalizana naye, ikaita tena. Watu aliokuwa akiwafungia mitungi kwa miaka yote hiyo walikuwa wamelala na wasiwasi, na kulipokucha kila mmoja akaona si ubinadamu kukaa kimya. Siku ile hakuna aliyeishiwa gesi. Walikuwa wanamjulia hali.

Chumbani Mama Pacha alikuwa anatazama skrini isiyokuwa na mtu. Mtandao ulipotulia, Msimamizi akarudi. “Umekatika,” akasema.

Mama Pacha angeweza kusema umeme. Angeweza kusema mvua. Akasema, “Mume wangu anauza gesi. Mtandao wangu na namba yake ya biashara ni laini moja. Jana aliwaambia wateja wake wasimpigie leo, ndiyo maana leo wanampigia. Wanauliza kama ni mzima.”

Upande wa pili kikasikika kitu kama kikohozi, au kama mtu anayebana kicheko asije akadaiwa.

“Nimesikia sababu nyingi kwenye kazi hii,” Msimamizi akasema. “Hiyo sijawahi kuisikia, kwa hiyo naiamini. Lakini wagonjwa hawali sababu. Nakupa kesho, zamu hii hii. Ni ya mwisho, dada yangu, hata mimi nina mkubwa wangu.”

Mtungi alikuwa mlangoni, simu mkononi bado inaita. Akaitazama miguu ya mkewe. Leo haikuwa imefichwa. Ilikuwa juu ya mto, na kwa kukaa wiki hizi chache mifupa ya vifundo ilikuwa imeanza kuonekana tena.

“Ile namba ya kiganjani,” akasema, na kwa mara ya kwanza majirani tulilazimika kutega sikio. “Sikupanga. Binti aliuliza, nikaimba.”

“Najua.”

“Unajua tangu lini?”

“Tangu uliporudi unapiga mluzi. Ningekuwepo pale dukani ningekuziba mdomo.”

Akavaa shati akatoka.

Binti wa kucha alimsikiliza mara mbili ili awe na uhakika. “Baba, unataka nizifunge simu zote zinazoingia? Kwenye laini ya biashara?”

“Zote. Data ibaki.”

“Sasa wateja watakupataje?”

“Watanitafuta.”

“Nizifunge mpaka lini?”

“Mpaka bando liishe.”

“Ni la mwaka, baba.”

“Si ulikuwepo wakati nanunua?”

Binti akaweka vidole kwenye kibodi. Hakumwuliza namba, lakini Mtungi aliitaja mwenyewe, taratibu, bila wimbo, tarakimu moja moja, kama mtu anayesoma jina la marehemu. Kisha akanunua laini mpya na simu ndogo ya vitufe.

Alipofika uani akatoa brashi na rangi nyeupe, akachuchumaa ubavuni mwa pikipiki. Kinyozi alitoka na taulo begani, akasimama kando yake. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Nyumba yetu haina kuta za kuzuia habari.

“Acha wazimu, Mtungi. Nampa Mama Pacha paswedi. Bure. Ule ulikuwa utani tu.”

“Ataitumia mpaka lini? Mpaka kikao kijacho?”

Mtungi akapaka mstari wa kwanza. Alichovya brashi nzima, rangi ikawa inachuruzika kwenye gurudumu. Kinyozi akaguna, akavua taulo, akamnyang'anya brashi. “Lete huku. Unaharibu chombo.” Yeye mkono wake umezoea kupita karibu na masikio ya watu. Akaifuta ile namba ya zamani tarakimu baada ya tarakimu, akangoja ikauke, kisha akaandika mpya, imenyooka kuliko ilivyowahi kunyooka ile ya kwanza. Hakuna aliyetania. Pacha walisimama pale wameshikana mikono, hata wao walikuwa wanaimba ile namba tangu wanajifunza kusema.

Asubuhi ya zamu ya mwisho soksi ilining'inia pale dirishani haina hata mtikisiko. Wagonjwa walipiga, wakapokewa, wakaandikwa, wakatakiwa afya njema. Meno, macho, mgongo, wajawazito. Zamu ilipoisha Msimamizi akasema maneno machache tu: “Karibu kazini. Na msalimie huyo mgonjwa wa gesi.” Mama Pacha akavua hedifoni, akaufunika uso wake kwa mikono miwili, kisha akaenda kupika akiwa amevaa viatu vyake mwenyewe.

Mtungi yeye aliingia barabarani. Sitadanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi. Aliyepiga namba ya zamani aliambiwa haipatikani, na baada ya ule mzunguko wake wa “msinipigie,” watu walijumlisha wenyewe. Kuna mtaa alipita akakuta wameshamsikitikia.

“Tulisikia umekufa,” mama mmoja akamwambia getini.

“Nimebadilisha namba.”

“Ah. Sisi tumeshahamia kwa yule kijana mwingine.” Akasema kwa aibu, kama mjane aliyeolewa mapema.

Na hiyo namba mpya hakuweza kuikariri. Akiulizwa, ilimbidi ashuke, azunguke pikipiki, aisome ubavuni. Haikuwa na kibwagizo. Alizunguka, akaita, akarudi na mitungi mingi kuliko ilivyofaa, na ile simu ya vitufe ikawa inakaa mfukoni kama jiwe. Jioni mkewe alikuwa akimkanda mabega, badala ya yeye kumkanda mkewe miguu.

Kisha ikawa asubuhi moja, pikipiki bado ipo uani, anafunga mnyororo wa mitungi. Ndani sauti ya Mama Pacha ilikuwa inamwelekeza mtu jinsi ya kuja kupima damu. Mfukoni mwa Mtungi kitu kikalia. Alishtuka, akageuka kulitazama dirisha kwa hofu ile ile ya zamani, mkono hewani. Sauti ya ndani haikusita. “Ndiyo, mama,” ilikuwa inasema, “hujala kitu, maji unaruhusiwa.” Ikaendelea mpaka mwisho wa sentensi na kuanza nyingine.

Mtungi akapokea simu kwa adabu, kama ya mtu mwingine.

“Hapo ni kwa gesi?” sauti ya kike ikauliza. Ilikuwa ngeni kabisa. “Nimeona namba kwenye pikipiki jana. Mtungi mdogo unauza bei gani?”

“Elfu ishirini na mbili. Nielekeze kwako, nakuletea sasa hivi.”